Mishmishi Ndani ya Pipa

Malindi, Jumamosi, mwezi wa Julai 1987

Kusi linavuma tangu alfajiri na mvua ya rasharasha haikatiki. Nguo za Mama nimezianika mara mbili na kuzianua mara mbili, sasa nimezitundika ukumbini na nyumba nzima inanuka ubichi. Hakuna aliyelalamika. Angekuwepo Baba angelalamika.

Leo Mama amemrudishia Bi Zena ndizi zake.

Ukiliandika hivyo linaonekana jambo dogo, la kuchekesha hata. Lakini limenikaa moyoni tangu asubuhi, na ndiyo maana nimeketi kuandika badala ya kwenda kulala kidogo kama watu wengine baada ya chakula.

Bi Zena ni jirani yetu hapa Shela, nyumba ya pili. Tangu nipate akili, mkungu wake ukikatwa huja moja kwa moja uani kwetu. Si yeye peke yake, mtaa mzima huleta. Ndizi, maembe, matomoko, papai lililoangushwa na upepo kabla ya wakati wake, vyote huletwa kwa Mama avivundike. Ana pipa lake la bati karibu na jiko, ana majani makavu ya mgomba, ana magunia, na ana mkono. Hutia mkono ndani bila kuchungulia, akabonyeza moja, akasema, "Kesho baada ya asri." Na kesho baada ya asri huwa zimeiva kweli, manjano tupu, hazina hata doa. Wenye arusi humpa habari mapema kuliko wanavyompa habari kadhi.

Leo asubuhi alimtazama Bi Zena na mkungu wake pale mlangoni, akamwambia kwa upole, "Nimeacha, Bi Zena. Tafuta mwengine." Bi Zena akadhani ni kwa sababu ya eda. Akasema pole, akaondoka na ndizi zake kwenye mvua.

Nilipokwenda uani nikakuta pipa limepinduliwa, mdomo chini.

Baba alifariki mwezi uliopita. Alikuwa mpishi wa halwa, na kabla ya hapo alikuwa mtoto aliyeletwa na ami yake kutoka milima ya Yemen. Nyumba yao ya huko, kwa alivyotuhadithia, ilikuwa na mti wa mishmishi uani, tunda dogo la manjano lenye kokwa moja, na kazi yake utotoni ilikuwa kupanda darini kuzianika zile ambazo mamake alitaka zikauke. Hapa kwetu mishmishi tunazijua kavu tu, zile za Ramadhani, unaziroweka kwenye maji usiku ukazila wakati wa futari. Baba alikuwa akizila na huku akitucheka. "Mwala mifupa," alikuwa akisema. "Nyama yake hamuijui."

Jambo moja la Baba ni lazima niliandike, maana bila hilo haya mengine hayana maana. Hakujua kusifu kitu kibaya. Nilimwona kwa macho yangu akimwaga sufuria nzima ya halwa kwa sababu samli ilikuwa imeanza kubadilika, na mteja amesimama pale anamsihi amuuzie hivyo hivyo. Kwenye arusi za watu alikuwa akimtafuta mpishi nyuma ya nyumba kumwambia pilau imezidi chumvi, sisi tukitamani ardhi ipasuke. Na nyumbani ndiyo usiseme. Mama akipika wali ukashika moshi kidogo, Baba huula wote, hata ukoko haubaki, lakini atasema.

"Wali una moshi, Mwana Esha."

"Kula, unyamaze."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mchana, miaka nenda miaka rudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanagombana.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ini. Daktari wa Mombasa alimtazama, akatutazama sisi, akasema tumrudishe nyumbani na tumpe anachopenda. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya chakula. Niko kliniki moja kule Kilifi, nimepanga chumba Kibarani, na Ijumaa narudi Malindi. Siku za kupima watoto ndimi ninayesimama mbele ya kina mama na kuwaonyesha papai, embe, mchicha na kiazi kitamu chenye manjano ndani, nikiwaambia rangi ile ndiyo chakula cha macho na ngozi, na kwamba mtoto akila tunda halisi tumbo lake haliwi gumu. Nasema vizuri. Kina mama hunisikiliza. Baba yangu mwenyewe sikuweza kumlisha kijiko. Nilimpondea papai akageuza uso. Nilimchujia supu ya mchicha akaniuliza kama ng'ombe ameshakula. Alikuwa akinywa uji wa mchele na maji ya dafu, basi.

Kitu kimoja tu ndicho alichokitaja. Alitaka mishmishi mbichi, ya mtini. Alilisema hilo kama mtu anayetaka jua lizame upande mwingine, akijua haliwezekani, akacheka.

Kaka yangu Salim anaendesha lori Jeddah. Tulipompigia simu kutoka posta na kumweleza hali na hamu ya Baba, aliomba ruhusa akaja baada ya Idi, na mapajani amekumbatia katoni ya mishmishi. Aliipakata kwenye ndege mpaka Nairobi, akaipakata kwenye basi mpaka Mombasa, na kwenye feri ya Kilifi alikataa kuiweka chini hata kidogo. Alizinunua kwa muuzaji wa Kishami, na kwa makusudi alichagua zile ngumu, zilizoanza tu kugeuka rangi, ili zihimili safari. Hapo Salim hakukosea. Tunda lile likiiva ni laini mno, ukiliwekea kidole linabaki na alama, na moja iliyopondeka huwaharibu wenzake wote.

Alipomwekea Baba moja mkononi, Baba aliizungusha vidoleni. Aliipitisha kwenye shavu lake. Ile ngozi ina manyoya laini sana, hata huyaoni, unayahisi tu. Akainusa upande wa kikonyo. "Bado," akasema. "Mwaniletea mawe." Lakini hakuiachia mpaka alipolala.

Namna ya kuziweka nilikuwa nimeshamuuliza Wambui, tunayefanya kazi naye. Kwao ni Limuru, wana miti ya pichi na plamu, na akasema hizi ni ndugu zao. Zikiwa ngumu usizitie kwenye baridi, zitabaki ngumu na ladha itakufa. Zitandaze mahali penye kivuli na hewa, moja moja, zisilaliane. Usizioshe mpaka unakula. Usizifunike zikatoka jasho. Zikianza kulegea kidogo karibu na kikonyo na harufu ikaja, hapo ndipo uzipeleke kwenye friji, na uzile upesi, maana hata humo hazidumu. Basi nikazitandaza kwenye ungo juu ya kabati la ukumbini, nikamweleza Mama yote hayo, na zaidi nikamwambia kwamba zikilegea azipeleke kwa Bi Zena mwenye friji.

Mama alinisikiliza kama anavyosikiliza redio huku anapepeta.

Jumapili nikarudi Kilifi. Yaliyofuata nimeyapata kwa Salim. Kila asubuhi Baba alikuwa akiuliza, "Zimeiva?" Na kila asubuhi Mama alikuwa akienda kwenye ungo, akibonyeza, na zilikuwa ngumu. Jumanne Baba hakuweza kukaa kitako. Jumatano hakuuliza mpaka jua limepanda, na alipouliza sauti ilikuwa imekwenda. Mama akasimama pale mbele ya kabati, akazitazama. Kisha akachukua ungo wote akaenda nao uani.

Sasa, embe likikataa kuiva, mwanamke wa Malindi hufanya nini? Mama alitandika majani ya mgomba ndani ya pipa lake, akaweka chini kigae cha makaa yaliyofunikwa jivu, kama anavyofanya kwa ndizi za arusi ya haraka, akazipanga mishmishi juu yake safu kwa safu, akafunika kwa gunia, na gunia jingine juu. Salim alikuwepo. Alidhani Mama anajua, kwa sababu siku zote Mama anajua.

Ijumaa nilipofika, harufu ilinipokea barazani. Tamu, kali, kama togwa iliyopitiliza. Nilimkuta Mama ameketi chini uani, miguu ameinyosha, gunia liko pembeni, na mbele yake ungo umejaa kitu cha rangi ya kahawia. Joto lilikuwa limezipika za chini, na za juu zilikuwa zimetoka jasho, zikalaliana, zikaota ukungu mweupe. Maganda yalikuwa yameteleza yenyewe. Kokwa zilikuwa zimetokeza nje.

Sikumwamkia mamangu. Nilisema, "Mama, hili si embe."

Ndilo neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, na sikuongeza la pili. Yeye alikuwa anazigeuza moja moja, polepole, anatafuta.

Nilikuwa na hasira ambayo hata leo sijui ilikuwa ya nani. Ya ugonjwa, labda, lakini ugonjwa hauna uso wa kuutazama na Mama alikuwa pale.

Kisha tukamsikia Baba. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka chumbani mpaka uani. "Hiyo ndiyo harufu yake. Nileteeni."

Mama aliinuka. Alikuwa amepata moja ambayo upande wake mmoja ulikuwa bado una rangi ya manjano. Alikata kilichooza, akakata tena, mpaka kikabaki kipande cha kiasi cha ukucha wa dole gumba na kingine kidogo zaidi. Nilitaka kumzuia. Mimi ndiye ninayewafundisha watu wasimpe mgonjwa tunda lililochacha. Lakini nilimtazama uso nikampisha mlangoni.

Alimlisha kwa vidole. Baba alikitafuna kile kipande muda mrefu, macho ameyafumba, na taya zake zilikuwa nyembamba hata unaona kila kitu kinavyokwenda. Akameza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na niliona mabega yake yamepanda mpaka masikioni, anasubiri.

"Tamu," Baba akasema. "Kama ya kwetu."

Mabega ya Mama yakashuka.

Nilichukua sahani, nikaenda nayo jikoni, na nikatia kinywani kile kipande kidogo kilichobaki. Kilikuwa kichungu, kimechacha, na kina moshi. Nikakitema. Nikasimama pale nikilia kwa sababu ya Baba na ule uongo wake, yeye aliyemwaga sufuria nzima ya halwa.

Hakula tena kitu kingine. Siku mbili baadaye alfajiri akatutoka, na ini ndilo lililomchukua, hilo nina hakika nalo, kipande kile hakikuwa na la kuongeza wala kupunguza. Tukazika, matanga yakapita, Salim ruhusa yake ikaisha akarudi Jeddah. Mama alifanya kila kitu kinachotakiwa kufanywa. Alipokea watu, aliitikia pole zao, aliwauliza habari za watoto wao. Sikumwona akilia. Watu walimsifu kwa subira yake, na mimi nilikuwa nikimtazama tu, kwa sababu nilikuwa sijamuomba radhi kwa lile neno la uani na sikujua nianzie wapi.

Kwa hiyo leo, baada ya Bi Zena kuondoka na baada ya kuliona lile pipa, nilidhani nimeelewa. Nilidhani ni aibu. Mwanamke ambaye mtaa mzima unamtegemea kwa jambo moja, na jambo hilo hilo likamponyoka siku aliyolihitaji kuliko siku zote. Nikaketi karibu naye ukumbini. Alikuwa anachagua mchele, chini ya nguo zile zinazodondosha maji. Nilikuwa natafuta namna ya kusema samahani, yeye akanitangulia.

"Sauda, siku ile nawe ulionja?"

Sikuuliza siku ipi. "Nilionja, Mama."

"Ilikuwaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja tu. "Ilikuwa tamu. Kama alivyosema Baba."

Aliendelea na mchele. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa. "Nawe ushamfuata babako," akasema. "Mimi nalimlisha kwa vidole hivi, mwanangu. Nalijilamba. Ilikuwa chungu, na moshi mtupu."

Nikakosa mahali pa kutia uso wangu.

"Miaka yote niliyokaa na babako, wali ukiungua yuwanambia. Chai ikipoa yuwanambia. Siku ya arusi yetu, watu wote wanisifu, yeye alinambia hina ya mkono wa kushoto haikukolea, na kweli haikukolea. Siku ile aliponambia tamu, ndipo nilipojua yuwaniaga."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jiko. Nilimwambia, nadhani, kwamba ile haikuwa kosa lake, kwamba mtu yeyote wa hapa angefanya vile vile, kwamba Bi Zena na wenzake wote wanajua mkono wake ulivyo na hawatamwona vingine. Alinisubiri nimalize.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Hawatanambia. Nikizioza watanambia tamu, kwa kuwa nimefiwa. Nawe ushanambia. Sasa n'takuwa navundika, nami sijui."

Akaubeba mchele wake akaenda jikoni.

Nilibaki pale na nguo mbichi. Nimesoma, nina cheti, nawaambia wanawake wa watu jinsi ya kuliweka tunda lisiharibike, na katika nyumba hii yote sikuona kwamba mamangu hakuwa na aibu ya pipa. Alikuwa anamlilia yule mtu mmoja aliyekuwa akimwambia kweli. Na mimi, kwa mapenzi, nilikuwa nimemthibitishia kwamba hayupo tena.

Adhuhuri ikapita, akapakua. Wali na mchuzi wa papa, mimi na yeye tu kwenye mkeka, na sinia lile ni kubwa mno kwa watu wawili. Moto wa leo ulikuwa mbaya, kuni zimelowa. Nilitia tonge la kwanza mdomoni nikaujua papo hapo. Yeye alikuwa anakula macho chini. Ningeweza kunyamaza. Tonge la pili nalo nililimeza hivyo hivyo, kama niliyeiba.

"Wali una moshi, Mama."

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Akaniangalia. Sikujua kama nitapigwa au vipi, na mimi ni mtu mzima.

"Kula, unyamaze," akasema.

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mkono bado una wali, kama mtoto, na mimi nikamshika. Neno langu la uani nikamuomba radhi kwalo hapo hapo, katikati ya kilio, na sijui kama alilisikia. Baadaye akanawa uso, akarudi kwenye sinia, akaniambia nimalize, chakula hakitupwi.

Nimekula wote, na moshi wake.

Sasa amelala. Pipa liko vile vile, mdomo chini, na sitaligusa, si langu la kugeuza. Kesho jioni lazima niwe Kilifi, Jumatatu ni siku ya kupima watoto na kina mama watakuwa wananingoja na mapapai yao. Na humu ndani, mpaka Ijumaa, nani atamwambia chai yake imepoa?